Maandishi ya Mlangoni: Tuisome Pikapu Kabla ya Kuipakia

Ajali haina kinga, walinena wahenga, nasi tumeirithi kauli hiyo na kuifanya shuka ya kufunikia kila aina ya uzembe. Gari likipinduka, ajali haina kinga. Breki zikikataa, ajali haina kinga. Mwanafunzi akirushwa kutoka nyuma ya pikapu iliyokuwa ikimpeleka michezoni, hata machozi ya mamake hayajakauka, tayari tumekwisha kusema kwamba ajali haina kinga. Kwa heshima zote ninazowastahi wazee wetu, leo ningependa kubishana nao kidogo. Nadhani wao walikuwa wakizungumzia radi, mafuriko na mawimbi ya bahari. Hawakuwa wakizungumzia chombo ambacho mwundaji wake amekaa chini, akapima, akahesabu, kisha akaandika waziwazi kiasi cha mzigo kinachoweza kubeba na namna kinavyopaswa kuendeshwa.

Nitaanza kwa kuungama. Mnamo mwaka wa 1994 nilikuwa mwalimu kijana wa Kiswahili katika shule moja ya upili iliyo kwenye nchi ya majani-chai, mashariki ya Milima ya Aberdare. Wanaoifahamu sehemu hiyo wanajua kwamba huko hakuna safari isiyokuwa na mteremko, mto na mwinuko. Jumamosi moja ilinipasa kuwapeleka wavulana 24 kwenye mashindano ya kandanda. Shule haikuwa na basi. Ilikodi pikapu.

Wavulana walipanda nyuma, wakasimama wakishikana mabega. Nami, kwa kuwa nilikuwa mwalimu, niliketi mbele karibu na dereva. Mlinda lango wetu, kijana wa kidato cha pili, alikuwa wa mwisho kupanda. Aliniambia, "Mwalimu, huku nyuma tumejaa." Kabla sijafungua kinywa, dereva alimjibu kwa kicheko, "Hili ni gari la kazi, kijana. Jana lilibeba mawe." Nami nikacheka. Nikatia sahihi orodha ya majina, tukaondoka.

Tulipofika kwenye mteremko wa kwanza, dereva aliitoa gia akaliacha gari lijiendee, ili, kama alivyonieleza, aokoe mafuta. Hatukuwa tumefika nusu ya mteremko niliposikia harufu ya kitu kinachoungua. Alikanyaga breki mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Usukani ulikuwa mwepesi mikononi mwake kama usukani wa kichezeo. Mwishowe aliliegemeza gari kwenye ukingo wa juu wa barabara, nalo likakwama kwa ubavu, likawamwaga wavulana katika michai. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu hakuna aliyepoteza maisha. Lakini yule mlinda lango alivunjika mkono kwenye kiwiko, na mkono ule haukunyooka tena. Hakudaka mpira mwingine maishani mwake.

Tulipokuwa tukingoja msaada niliketi kando ya barabara, na macho yangu yakaangukia mlango wa pikapu ile. Yalikuwapo maandishi madogo ya rangi nyeupe. Yalisema uzito wa gari likiwa tupu ni kilo 1,350, na uzito wa juu kabisa likiwa limepakiwa ni kilo 2,400. Nilikuwa nimepita kando ya maandishi yale asubuhi, nikaushika mkono wa mlango ulio juu yake, nikaingia. Mimi, niliyekuwa nikiwafundisha watoto wa watu ufahamu siku tano kwa wiki, sikuwa nimeyasoma.

Wanafunzi wangu wapendwa, naomba mchukue kalamu, kwa maana hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Ukitoa 1,350 katika 2,400 utapata 1,050. Hizo ndizo kilo ambazo gari lile liliruhusiwa kubeba, na ndani yake wamo dereva na abiria wa mbele, si shehena ya nyuma peke yake. Wavulana 24, tukikadiria kila mmoja kilo 55, ni kilo 1,320. Mimi na dereva tulikuwa kama kilo 140. Sufuria, mchele, kuni na mipira ni kilo 40 nyingine. Jumla ni kilo 1,500. Tulizidisha kilo 450, yaani sawasawa na magunia matano ya mahindi ya kilo 90. Hapana mkulima ambaye angekubali kuongeza magunia matano juu ya gari ambalo limekwisha kujaa. Lakini binadamu hana alama ya kilo mgongoni, na mzigo wa mwenzio, kama tujuavyo, ni kanda la usufi.

Hapo ndipo ulipo mtego wa kwanza wa pikapu: jicho halipimi uzito. Magodoro yanaweza kupangwa hata yakapita paa la gari na bado yakawa mepesi. Mchanga mbichi uliofika nusu ya bodi unaweza kuwa umekwisha kupita tani moja, kwa sababu mita moja ya ujazo ya mchanga wa maji hukaribia tani mbili. Tangi la maji la lita 1,000 ni tani moja kamili, na zaidi ya hayo maji huyumba. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni tani moja, ingawa ikipangwa huonekana kama mzigo wa kuchekesha. Kwa hivyo asemaye "bado kuna nafasi" amepima upana, hajapima uzito.

Mtego wa pili ni mahali mzigo unapokaa. Mwalimu wa fizikia huwafundisha wanafunzi wake habari za wenzo na egemeo. Pikapu ni wenzo mrefu, na mhimili wa magurudumu ya nyuma ndio egemeo lake. Mzigo mzito ukiwekwa nyuma ya mhimili huo, karibu na kilango cha nyuma, unaisukuma nyuma chini na kuiinua pua ya gari juu. Magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayogeuza gari na ambayo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki, hupungukiwa na uzito yakaigusa barabara kwa wepesi tu. Hii ndiyo sababu usukani ulikuwa mwepesi siku ile. Chombo cha kuzama hakina usukani, walisema manahodha wetu wa pwani, na kauli hiyo yafaa bara vilevile. Kanuni basi ni hii: mzigo mzito uwekwe chini, katikati, uelekee mbele karibu na kibanda cha dereva, kisha ufungwe kwa kamba kwenye vishikio vilivyowekwa bodini kwa kazi hiyo. Mzigo usiofungwa hausimami gari linaposimama. Huendelea na safari yake, na mara nyingi safari hiyo hupitia kisogoni mwa dereva.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulishangaa. Pikapu tupu nayo ina hatari zake. Springi zake za nyuma zimeundwa ngumu ili zistahimili mzigo, kwa hivyo likiwa tupu, sehemu ya nyuma ni nyepesi na hurukaruka kwenye mashimo. Mvua ikinyesha na dereva akakanyaga mafuta kwa pupa kwenye kona, nyuma ya gari huteleza ikataka kupita mbele. Aliyezoea kuendesha pikapu iliyojaa asidhani kwamba iliyo tupu ni mchezo.

Mwundaji, hata hivyo, hakutuacha gizani. Karibu na mlango wa dereva, aghalabu kwenye nguzo inayoonekana mlango ukifunguliwa, hubandikwa karatasi ndogo inayotaja upepo unaotakiwa katika tairi. Katika pikapu nyingi utakuta tarakimu za namna mbili kwa tairi za nyuma: za gari tupu na za gari lenye mzigo. Ni wangapi kati yetu wanaoongeza upepo kabla ya kupakia na kuupunguza baada ya kushusha? Tairi yenye upepo haba chini ya mzigo mzito hujikunja, hupata joto, na mwishowe hupasuka.

Kadhalika, pikapu nyingi za siku hizi zina kidude kidogo kwenye dashibodi chenye alama ya taa na tarakimu kuanzia sufuri. Nimewauliza madereva kadhaa kazi yake, wakaniambia kwamba hawajawahi kukigusa. Kazi yake ni kuishusha mianga ya taa za mbele. Nyuma ya gari ikilemewa, pua huinuka, na taa ambazo zingemulika barabara humulika macho ya dereva anayekuja. Kukizungusha kidude hicho tarakimu moja au mbili kwaweza kumwokoa mtu usiyemjua na ambaye hatawahi kukushukuru.

Nirejee kwenye ule mteremko, maana ndio uliotuponza. Madereva wakongwe wana kanuni yao isiyohitaji kitabu: teremka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Gia ndogo huifanya injini yenyewe ilizuie gari, na breki zikabaki na nguvu za kutumiwa inapolazimu. Anayeitoa gia huuweka uzito wote wa gari juu ya breki peke yake. Breki husimamisha gari kwa kusuguana, kusuguana huleta joto, na joto likizidi breki hupoteza uwezo wa kushika. Hiyo ndiyo harufu niliyoisikia. Petroli aliyoiokoa dereva wetu siku ile sidhani kama ingejaza kikombe cha chai. Na kosa hilo halikuzikwa na miaka ile, kwani katika mteremko mrefu wa Sachangwan hadi Salgaa, kwenye barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, madereva wa malori wameonywa mara nyingi dhidi ya mazoea yayo hayo.

Kuhusu uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne, nao umegeuzwa kuwa fahari badala ya kuwa zana. Pikapu nyingi zilizo nao zina gia ya pekee yenye nafasi tatu. Ya kwanza ni ya magurudumu mawili, ambayo ndiyo ya lami na ya kila siku. Ya pili ni ya magurudumu manne kwa mwendo wa kawaida, inayofaa matope, mchanga na ule udongo mweusi unaonata kama ulimbo. Ya tatu ni ya magurudumu manne kwa mwendo wa polepole wenye nguvu nyingi, kwa mwinuko mkali au gari lililozama. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele huenda umbali mrefu kuliko ya nyuma. Katika aina hii ya magari, magurudumu manne yakiunganishwa hulazimishwa kwenda sawa. Kwenye matope gurudumu litateleza kidogo na mambo yatanyooka, lakini kwenye lami kavu hakuna kinachoteleza, na hivyo mashine hujikaza hadi ikaharibika, huku usukani ukiwa mgumu kwenye kona. Isitoshe, magurudumu manne humsaidia dereva kwenda, hayamsaidii kusimama. Anayepita matope kwa kasi kwa kuwa gari lake "lina nguvu" atagundua kwamba breki zake ni kama za kila mtu.

Sasa tuingie uani mwa shule, maana huko nako kuna jambo. Kila juma pikapu huleta mahindi, maharagwe na kuni katika shule zetu, nayo hurudi nyuma kuelekea ghala wakati watoto wako nje. Nyuma ya kilango cha pikapu kuna eneo ambalo vioo vya pembeni havilioni kabisa, na mtoto wa darasa la kwanza akisimama hapo ni kama hayupo. Magari mapya yana kamera, lakini kamera iliyopakwa tope la barabarani ni jicho lenye mtoto wa jicho. Dawa ni moja: dereva ashuke, azunguke gari, atazame, kisha mtu mzima asimame mahali anapoonekana na kumwongoza. Na gari likiegeshwa kwenye mteremko, breki ya mkono ivutwe, gia iingizwe, magurudumu yageuzwe kuelekea ukingoni na kuzuiwa kwa mawe. Mawe hayo, tafadhali, yaondolewe safari inapoendelea, kwani jiwe lililoachwa barabarani ni mtego kwa anayekuja usiku.

Najua kuna watakaoniuliza: tumeishi na pikapu miaka hii yote, leo umetokea wapi na hofu hizi? Ni kweli, tumeishi nazo. Matatu zenyewe, ambazo inasemekana zilipata jina kutokana na nauli ya senti 30, nyingi zilikuwa pikapu zilizofunikwa nyuma, abiria wakiketi kwenye mabenchi na kutazamana. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kubeba abiria bila ya leseni za uchukuzi, na vijiji ambavyo havikuwa na basi vikafunguka. Pikapu imepeleka wagonjwa hospitalini, maharusi kanisani na marehemu makaburini. Sina ulimi wa kuitukana. Lakini tulijifunza polepole kwamba abiria si shehena. Ndiyo maana kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, chini ya aliyekuwa Waziri John Michuki, ziliilazimisha kila matatu kuwa na mikanda ya usalama na kidhibiti cha mwendo kisichopita kilomita 80 kwa saa. Basi itakuwaje tumkatalie mtu mzima kupanda matatu isiyo na mkanda, kisha tumsimamishe mtoto wake nyuma ya pikapu ambako hakuna hata kiti?

Wengine watasema ni umaskini, kwamba shule haina basi. Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi. Mama akishikwa na uchungu usiku na kuna pikapu moja tu kijijini, sitasimama njiani nikihubiri kanuni. Nitasema alazwe au aketi sakafuni akiegemea kibanda cha dereva, asikae ukingoni, kilango kifungwe na gari liende pole. Hiyo ni dharura. Kandanda si dharura. Ikiwa fedha zinatosha pikapu moja tu, na waende wachache ndani ya kibanda, kila mmoja na mkanda wake, au mechi iahirishwe. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ghafla, aliye nyuma hurushwa kwa kasi ile ile ambayo angegonga nayo ardhi kama angeanguka kutoka urefu wa mita kumi hivi. Hakuna mwalimu anayeweza kuwapanga wanafunzi wake kwenye paa la jengo la ghorofa tatu kwa sababu eti shule haina fedha.

Ninalopendekeza si geni wala si la gharama. Karibu kila gari huuzwa likiwa na kitabu chake cha mwongozo, na kitabu hicho kwa kawaida hukaa miaka na mikaka ndani ya kishubaka cha mbele, kikiwa bado katika mfuko wake wa nailoni. Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, kiazime kitabu hicho, watafsirie wanafunzi kurasa mbili, uzifanye zoezi la ufahamu. Mwalimu wa hisabati, watoe wanafunzi nje wasome maandishi ya mlangoni, wajumlishe na kutoa. Mwalimu wa fizikia, nyuma ya pikapu kuna wenzo, msuguano na nishati, vyote mahali pamoja. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka wa 2019, unatutaka tufundishe mambo yatakayomfaa mtoto maishani. Sijui kama kuna linalomfaa mtoto kuliko kufika nyumbani salama.

Nanyi wanafunzi, jifunzeni kusema kama alivyosema yule mlinda lango: "Mwalimu, tumejaa." Msione haya. Na sisi walimu tujifunze kusikia.

Yule kijana sasa ni baba wa watoto. Tulikutana miaka michache iliyopita katika kituo cha mabasi, akanisalimia kwa adabu ile ile ya zamani, akanipa mkono wa kushoto huku akiomba radhi, kwa kuwa ule wa kulia haufiki. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyepaswa kuomba radhi. Alitabasamu akasema, "Ajali haina kinga, Mwalimu." Sikubishana naye pale, kwa kuwa alisema hivyo ili anitue mzigo. Lakini nyinyi nawaambia kwamba kinga ilikuwapo. Ilikuwa imeandikwa mlangoni kwa rangi nyeupe, na mwalimu wake hakuisoma.